Mrija Mbele ya Simu

Walimweka Kezia kwenye kiti cha plastiki, kile cheupe cha kukodi, wakakivalisha kitambaa cha satini na utepe wa zambarau kama kiti cha bibi harusi. Kezia mwenyewe hakuwapo. Kilichokaa pale kilikuwa simu ya mpwa wangu Tadeo, imefungwa kwa mpira kwenye kijiti, na ndani ya simu mlikuwa na uso wa mtoto wa marehemu kaka yangu, mdogo kama stempu, amevaa kofia ya sufu na koti zito, yuko China. Watu wazima wenye mvi walipita mbele ya kiti kile wakakipungia mkono. Hapa Rumonge jambo hilo linasimuliwa kwa kicheko, na mimi ndiye natajwa kuwa mzee aliyeharibu sherehe. Basi nitalieleza mwenyewe, tangu mwanzo.

Kezia ni mtoto pekee wa kaka yangu Zabroni. Alizaliwa kambini, upande wa Kigoma, wakati sisi tuliokimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili tulikuwa tumezoea kuitwa wakimbizi hata na watoto wetu. Mama yake alikufa Kezia hajaanza shule. Mama yake mdogo, Evangelina, akamchukua na kumlea pamoja na wanawe, na Wamarekani walipokuja kuchukua familia za wakimbizi wa zamani, Evangelina aliitwa na Kezia akaenda naye. Zabroni alikataa kwenda. Alisema ana michikichi yake Kizuka na atakufa akiitazama. Tulirudi pamoja, mimi na yeye, tukaikuta michikichi ina watu wengine chini yake. Tukaambiwa tugawane nusu kwa nusu, tukagawana. Hiyo ni hasira nyingine na leo siigusi.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, siku watu walipoanza kukimbilia ziwani. Yaliyobaki nilijifundisha kwenye magazeti yaliyofungia sukari na vitabu vya mapadri visivyo na majalada. Kwa hiyo mwalimu kwangu ni mtu. Nilikulia mahali ambapo mwalimu akipita barabarani, mvuvi alitua kapu lake la ndagala chini na kuvua kofia, awe anamdai au hamdai. Siku hizi mwalimu anapanga foleni ya petroli kwa ajili ya pikipiki ya mtu mwingine, na wanafunzi wake wanampiga picha. Kezia aliposema amekuwa mwalimu, mwalimu wa kweli aliyesomea huko Amerika, nilitembea mpaka sokoni nikiwaambia watu ambao hata hawakuuliza.

Amerika hakukaa. Alifundisha kidogo, shule ikafungwa, akasikia kwamba China wanatafuta walimu wa Kiingereza, akaenda. Mji aliopo sijaweza kulitamka jina lake. Una watu mara kadhaa zaidi ya Bujumbura, na Wachina wenyewe wanauita mji mdogo.

Programu za kupigiana simu tunazotumia huku, huko zimefungwa. Faridi, yule anayeuza simu karibu na soko, mtoto wa mtaa wa Waswahili, ndiye aliyeniwekea programu ya Wachina. Kila Jumapili mchana nilikaa dukani kwake kwa sababu nyumbani kwangu mawimbi hayafiki.

"Muzee Karoli!" alikuwa akipiga kelele mpaka wauza samaki wanageuka. "Kimbia! Mutoto wenu ya China iko hewani!"

"Amahoro, baba mdogo," Kezia angesema.

"Amahoro, mwanangu. Umekula?"

"Unasalimia kama Wachina. Na wao huuliza hivyo hivyo."

Hapo niliwapenda Wachina. Watu wanaomuuliza mtu kama amekula bado wana kitu.

Ndivyo nilivyoyajua maisha yake. Aliishi kwenye jengo la walimu, ghorofa ya juu kabisa, halina lifti. Asubuhi aliamshwa na muziki wa shule, na kutoka dirishani aliona watoto mamia kwa mamia uwanjani, wote wanainua mikono pamoja na kuishusha pamoja. Kwenye korido kuna pipa la maji ya moto, na kila mtu, mwalimu na mwanafunzi, ana chupa yake. Ukinywa maji baridi wanakushangaa na kukuonea huruma. Darasani alikuwa na watoto wengi kuliko waliokuwa kwa Bwana Yonasi, mwalimu wa kambini, lakini kila mmoja na dawati lake. Baada ya chakula cha mchana watoto wote hulaza vichwa juu ya madawati, mikono imekunjwa chini ya shavu, wanalala, na mwalimu anapita kati yao kwa ncha za vidole. Jambo hilo alilisimulia mara nyingi. Alisema hiyo ndiyo saa aliyoipenda, saa ambayo hakuna aliyemkodolea macho.

Maana walimkodolea macho. Sokoni wanawake waligusa nywele zake kwanza ndipo wakamtajia bei ya nyanya anazotaka. Kwenye basi mtu alipakata mtoto wake akamsogeza karibu na Kezia ili apigwe picha. Hayo aliyacheka. Palikuwa na bibi mmoja wa ghorofa ya tatu aliyekuwa akimngojea kwenye ngazi na bakuli la andazi la nyama, bila neno hata moja wanaloelewana, na Kezia alikuwa akimpelekea ndizi. Bibi huyo ningemwita dada.

Lakini shule yenyewe! Shule ile iliwatangazia wazazi kwamba ina mwalimu Mmarekani. Kezia ana pasipoti ya Marekani, ameapa kiapo chao, Kiingereza chake ndicho cha huko. Hata hivyo kwenye ukuta wa mbele waliweka picha kubwa ya kijana mzungu mwenye ndevu, mtu wa nchi mojawapo ya Ulaya mashariki, aliyekuwa akipiga ngoma kwenye hoteli. Huyo ndiye Mmarekani wa ukutani. Ilipofika siku ya wazazi kuja kuangalia somo, Kezia aliambiwa aandae somo, akaandaa. Halafu akaambiwa akae kiti cha nyuma kabisa, mpiga ngoma alifundishe.

"Ukakaa?" nilimuuliza.

"Nikakaa."

"Kezia!"

"Sikiliza basi, baba mdogo. Yule kijana akauliza swali la kwanza. Watoto wakanyamaza. Akauliza tena. Darasa zima likageuza shingo, likanitazama mimi, huko nyuma, likajibu kwa sauti moja. Wazazi nao wakageuka na simu zao."

Faridi alipiga kiganja juu ya meza ya duka. "Wamemukamata! Mwizi ya kazi wamemukamata!"

Mimi sikucheka. Nilitaka kujua mkuu wa shule alisema nini. Mwezi uliofuata picha ya mpiga ngoma ilikuwa bado ukutani. Niliwatukana Wachina barabara nzima mpaka nyumbani, na nilipofika nikakumbuka kwamba Kezia alipokuja kutuona mara ya kwanza, miaka michache nyuma, watu wa hapa hapa Rumonge walimzunguka wakauliza, "Huyu ndiye Mumarekani? Mbona iko mweusi kama sisi?" Basi nikawatukana na hao.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, Zabroni akafa. Alikufa ghafla. Tulikuwa tumekula pamoja nyumbani kwangu, samaki mukeke na ugali, akarudi kwake Kizuka, asubuhi hakuamka. Mimi ndiye niliyeachiwa kuiangalia michikichi yake. Anayeijua nchi hii anajua kilichofuata. Hakuna aliyetamka neno sumu mbele yangu. Lakini nilipoingia penye watu mazungumzo yalibadilika, na kuna mama mmoja, jirani wa miaka yote, aliyeanza kukataa maji ya nyumbani kwangu.

Kwetu mtu akifa ukoo hukaa kwenye matanga karibu mwaka mzima. Watu wanalima, wanavua, wanauza, lakini harusi na mahari havigusi ukoo huo mpaka siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa matanga. Ukoo wetu una namna moja ya kufanya hivyo. Unaletwa mtungi wa impeke, pombe ya mtama, na mrija mmoja. Mtoto wa marehemu anaonja kwanza mbele ya watu wote, kisha anamkabidhi mrija ndugu wa baba yake. Huyo akinywa, matanga yameisha. Ni desturi yetu Warundi wote kwamba anayekupa kinywaji aonje kwanza, ujue hakina sumu. Lakini siku ile kuonja kunasema zaidi: mimi mtoto wa aliyekufa sina neno nawe kwa kifo cha baba yangu. Hakuna hotuba inayoweza kusema hivyo. Nilimhitaji Kezia na mdomo wake. Yeye alilijua hilo kabla sijalisema.

"Nitakuja," alisema siku ya mazishi, analia kwenye simu ya Faridi. "Kuondoa matanga nitakuja mwenyewe, baba mdogo. Hakuna mwingine atakayekupa mrija."

Mwaka ukazunguka. Mwenye kupanga mambo alikuwa Tadeo, mtoto wa dada yetu Kankindi. Tadeo ananunua mawese kwenye vikamulio na kuyapeleka Bujumbura, ana gari, ana sauti. Alipanga siku katikati ya mwezi wa kwanza. Kezia akasema mwezi huo watoto wake wanafanya mitihani, likizo yao inaanza mwezi wa pili, kwa sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina. Aliomba tungoje.

"Haiwezekani, mujomba," Tadeo aliniambia. "Mwezi wa pili mwanzoni wakwe wanakuja kumuchumbia Anita. Wanatoka Bujumbura. Matanga yakiwa bado, watakaa wapi?"

Anita ni binti yake, mtoto mzuri, sina neno naye.

"Wasogezee wiki chache."

"Niwasogezee? Petroli yenyewe wameitafuta tangu mwezi wa kumi! Mwambie Kezia aombe konje. Kwani China hawafi?"

Basi Kezia akaenda kuomba ruhusa, na hapa ndipo watu wanapocheka. Mimi sijawahi kuona cha kuchekesha.

Shule ilifanya karamu ya kufunga mwaka. Meza kubwa za duara, na katikati ya meza kioo kinachozunguka, samaki mzima anapita mbele ya kila mtu kama mgeni anayesalimia. Direkteri, yule mkuu wa shule, alikaa meza ya juu na wageni wa ofisi ya elimu. Walimu waliinuka mmoja mmoja na glasi ndogo kwenda kumtakia heri. Kezia alifikiri kama binti wa Zabroni. Jambo kubwa haliombwi mikono mitupu, na haliombwi kwenye korido. Linaombwa kwa kinywaji, mbele ya watu, ili anayekubali awe na mashahidi na anayekataa awe na mashahidi. Alinunua chupa ya pombe kali yao, nzuri, akaipeleka meza ya juu. Akamimina glasi moja. Akaonja. Akaishika kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto umegusa kiwiko, akapiga goti kidogo na kumpa direkteri glasi ile ile aliyoonja.

"Baba yangu amekufa," akasema kwa Kichina alichokuwa amekikariri wiki nzima. "Nakuomba niende nyumbani nikaondoe matanga yake."

Direkteri aliipokea glasi, akaitazama, akaiweka juu ya kioo. Mtu upande wa pili akakizungusha apate mchuzi, na glasi ya Kezia ikaondoka polepole na samaki, ikazunguka mpaka kwa wageni wa ofisi ya elimu, ikasimama mbele yao. Hakuna aliyeigusa.

Mwenzake mmoja, Mwalimu Shen, ndiye aliyemtoa nje. Mwanamke mwema, anafundisha hesabu.

"Umefanya nini, Kezia? Umempa bosi mabaki ya kinywa chako!"

"Nimemwonyesha hayana sumu."

"Nani amesema yana sumu? Na ukataja kifo kwenye karamu ya mwaka mpya, mbele ya wageni wake! Ungeniambia mimi. Ningeongea na naibu wake, naibu angeongea naye, kimya kimya. Sasa akikubali anaonekana amelazimishwa."

Akanyimwa ruhusa. Wakamwambia akiondoka kabla ya mitihani asirudi.

Alipomaliza kunisimulia aliniuliza, "Nimekosea wapi, baba mdogo?"

"Hujakosea popote," nikamwambia, na ningali nasema hivyo. Yule direkteri hakuijua desturi yetu, na mtu huwezi kumfunga kwa asichokijua. Niliwaka kwa ajili ya waliokuwa wanaijua. Nilikwenda moja kwa moja kwa Tadeo kumwambia tungoje likizo. Alikuwa anasimamia madumu yake yakipakiwa.

"Nimeshapata suluhisho," akasema. "Tunamuweka kwenye simu. Video. Watu wa Bujumbura wote siku hizi wanafanya hivyo."

"Simu ina mdomo?"

"Mujomba, dunia imebadilika."

"Nimekuuliza kama simu ina mdomo!"

Mama yake, dada yangu Kankindi, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Alisema bila kuinua macho, "Karoli, usimpigie mwanangu kelele mbele ya wapakiaji. Na wewe Tadeo, mjomba wako amekuuliza swali." Tadeo alikwenda kuhesabu madumu.

Ndiyo tukafika kwenye kiti cha satini. Ukumbi ulikuwa karibu na maji, pale ambapo ziwa limekula nyumba za watu na kubakiza nguzo. Sono, yale maspika ya kukodi, ilipiga muziki wa Kikongo mpaka kifua kinatetemeka, kwenye matanga! Kila meza ilikuwa na chupa zilizofungwa, bia na fanta, kila mtu na kifungulio, hakuna wa kumwonjea mwenzake. Mtungi wa impeke aliutengeneza Kankindi na uliwekwa pembeni kama pambo. Kiongozi wa sherehe, kijana aliyekodiwa Bujumbura, alilitaja jina la kaka yangu vibaya akasema Zabuloni, akasahihishwa, akasema tena Zabuloni.

Kezia alikuwa ndani ya simu. Huko kwao jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nilimwona anajaribu kuniona, anageuza kichwa huku na huku kana kwamba kingo za simu ni mlango. Sauti yake ilikuja vipande vipande. Faridi, aliyeletwa kuangalia mitambo, aliniinamia sikioni. "Muzee, kaa karibu. Anakutafuta."

Ikafika saa. Tadeo alichukua mrija, akaufuta kwa kitambaa cha karatasi, akautia kwenye mtungi. Kisha akaubeba mtungi mpaka kwenye kiti, akainama, na akauelekeza mrija mbele ya simu, kwenye kioo, pale palipo midomo ya Kezia, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Watu wakacheka. Wengine walisimama juu ya viti wapate kupiga picha vizuri.

"Onja, dada!" kiongozi wa sherehe akapaza kwenye kipaza sauti. "Dada yetu wa China, onja!"

Nilimwona Kezia. Hakufungua midomo.

"Ameonja!" akasema Tadeo, akageuka na kuniletea mrija. "Haya, mujomba. Chukua. Tumalize."

Watu wote walinitazama, pamoja na yule mama anayekataa maji yangu. Ningechukua mrija ule, ningekuwa nimejionjea mwenyewe. Ningejisafisha kwa kioo cha simu. Mikono yangu ilibaki juu ya mapaja.

"Mujomba," Tadeo akasema chini chini, meno yamebana. "Usituaibishe."

Ndipo sauti ikatoka kwenye kiti, safi kabisa, haikukatika hata kidogo.

"Baba mdogo. Usinywe. Ningojee."

Ukumbi mzima ulisikia. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya hasira, ya miaka mingi, na hayakuja. Nilisema tu, "Matanga ya Zabroni hayajaisha. Kuleni mlichopika." Nikatoka. Nyuma yangu sono ilianza tena, ikazimwa, ikaanza.

Siku zilizofuata Tadeo alisema kila mahali kwamba nimezeeka vibaya. Lakini upande wa wakwe wa Bujumbura kuna bibi, mama wa mzee wao, na habari zilimfikia. Aliwaambia wajukuu zake kwamba hawezi kupeleka posa kwenye nyumba ambayo mtoto wa marehemu mwenyewe amesema ngojeni. Bibi huyo sijawahi kumwona. Wakasogeza siku, pamoja na petroli yao waliyoitafuta tangu mwezi wa kumi. Tadeo hanisalimii tangu siku hiyo.

Kezia alisahihisha mitihani mpaka karatasi ya mwisho. Nilimuuliza kwa nini, watu waliomtendea vile. Alisema watoto ndio waliogeuza shingo. Siku ya mwisho hakusema anaondoka. Aliwangoja walaze vichwa mchana, akapita kati ya madawati mara moja, akatoka. Mwalimu Shen alimsindikiza stesheni. Bibi wa ghorofa ya tatu alimfungia maandazi ya njiani. Akiwa angani walimwandikia kwamba muhula ujao hawamhitaji, na mimi natumaini mpiga ngoma anawafundisha vizuri.

Alifika hapa na sanduku moja, amepungua. Watu watatu tayari walikuwa wananingoja mlangoni kuuliza kama anaweza kuwatafutia watoto wao nafasi China. Niliwafukuza. Kesho yake asubuhi tulipanda Kizuka kwa miguu, kwenye michikichi ya Zabroni, mimi na yeye na Kankindi, na majirani wachache niliowaita kwa mdomo. Yule mama nilimwita wa kwanza kabisa. Alikuja, akasimama mbali, mikono chini ya kitenge.

Hapakuwa na kipaza sauti. Kankindi aliuweka mtungi chini, juu ya kata ya majani ya ndizi. Kezia alipiga magoti, mtoto wa Amerika mwenye suruali ya jinzi, akashika mrija, akaonja. Hakugusisha mdomo tu. Alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani, akameza, na watu wote wakamwona koo lake. Kisha akanipa mrija kwa mkono wa kulia, kushoto kwenye kiwiko.

"Pokea, baba mdogo."

Nilipokea. Nilikunywa. Nikakohoa.

"Ni mbaya," nikasema.

"Ni mbaya sana," akasema Kezia, machozi yanamtoka na anacheka.

"Mtama wa dukani huo!" Kankindi akafoka. "Nani bado analima mtama hapa? Nyinyi wote michikichi, michikichi! Mnataka nipike na nini?"

Yule mama alikuja akainama, akauomba mrija. Nikaonja tena ndipo nikampa. Akanywa. Sikumwambia karibu, maana mwaka mzima ni mrefu na mimi si mtakatifu.

Baada ya chakula tulimkuta Kezia amekaa mezani kwa baba yake, mikono imekunjwa, shavu juu ya mikono, amelala. Kankindi alitaka kumwamsha, akidhani ni mgonjwa. Nikamzuia. Chini barabarani gari la Tadeo lilipita na madumu yake, likapiga honi mbele ya nyumba ya marehemu, likaenda zake. Nilichukua fimbo nikasimama mlangoni, ili mgeni yeyote anayekuja kuomba nafasi za China apite kwanza kwangu.